Miezi 36 na Sahihi
Wengi wetu wadhani ya kuwa mtu akishinda mitihani yote ya ACCA, chama cha wahasibu kilichoasisiwa London mwaka 1904, amekwisha kuwa mhasibu kamili. Sivyo. Hudaiwa pia miezi 36 ya kazi ya hesabu, iwe kabla ya mitihani, wakati wake au baadaye, na msimamizi wake aithibitishe kwa sahihi. Hapo ndipo karani huumia: msimamizi huhamishwa, na miaka yote ile hukosa shahidi. Wakubwa wanaochelewesha sahihi hiyo kana kwamba ni bakhshishi (nao wapo) wanamdhulumu mtu haki aliyokwisha kuitolea jasho. Nawe karani, iandike kazi yako mwezi kwa mwezi, umpelekee msimamizi angali ofisini.