Kitenzi Sahihi ni Nusu ya Tiba ya Injini

Mwenye gari anaporejea gereji siku chache baada ya injini kutengenezwa, aghalabu huwa na sentensi moja tu: "Gari linatetemeka." Fundi naye huwa na jibu moja: "Tubadilishe maunti." Vipuri hununuliwa, fedha zikaenda, na mtetemo ukabaki palepale. Nikiwa mwalimu wa isimu, nathubutu kusema kwamba hasara hii huanzia katika lugha.

Kiswahili kina vitenzi vya kutosha. Kurukaruka, kuvuma na kuyumba ni mambo matatu tofauti, na kila moja lina mlango wake. Injini inayorukaruka gari likiwa limesimama, mafuta hayajakanyagwa, yamkini ina silinda isiyochoma: waya za plagi zimepishanishwa, mpira wa hewa umesahauliwa wazi, au mkanda wa taimingi umeruka jino. Injini nyingi za silinda nne huchoma kwa mpango wa 1-3-4-2. Waya mbili zikibadilishana nafasi, mpango mzima huvurugika. Injini inayochoma sawasawa lakini ikavuma hadi kwenye usukani na viti, huenda maunti zake zilikazwa ikiwa imekaa upande, au bomba la moshi linagusa bodi. Ama gari linaloyumba likifika kilomita 80 kwa saa, ilhali likisimama na kukanyagwa mafuta hutulia, hapana budi magurudumu yatazamwe kwanza.

Fundi hodari huuliza pia: ni kitu gani kilichoguswa mwisho? Ikiwa mtetemo haukuwapo kabla ya matengenezo, mshukiwa wa kwanza ni kile kilichofunguliwa. Kisha huchomoa waya za injekta, moja baada ya nyingine, huku injini ikinguruma. Waya ikitoka na mngurumo usibadilike, silinda hiyo ilikuwa imelala tangu awali. Wanafunzi wangu watautambua utaratibu huu. Ndivyo tunavyofanya tunapolinganisha "pata" na "bata": twabadilisha sauti moja tu, mengine yote yakibaki yalivyo, tukaangalia kama maana imebadilika. Anayebadilisha vipuri vitatu kwa mpigo hawezi kujua ni kipi kilichoponya, wala mwenye gari hawezi kujua amelipia nini.

Linalosikitisha ni kwamba maarifa haya hayaandikwi kwa lugha yanamosemwa. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, iliifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, vyuo vyetu vya ufundi hufundisha na kutahini kwa Kiingereza, ilhali gereji nyingi huzungumza Kiswahili. Mwanagenzi anayeweza kutofautisha mngurumo na mvumo kwa sikio huonekana mjinga mbele ya karatasi ya mtihani.

Walimu wenzangu, wapelekeni wanafunzi gereji wakiwa na daftari. Waandike kila neno wanalolisikia, wamwombe fundi alieleze, kisha watunge insha ya uchunguzi: gari lilifanya nini, lini, na baada ya kuguswa wapi. Nanyi wakuu wa vyuo vya ufundi, mruhusuni mwanagenzi aandike ripoti yake kwa Kiswahili. Injini haitambui lugha ya mtihani. Humtii yule aliyeielewa.