Utelezi Kwanza, Udongo Baadaye



Wapo jamaa zetu waliohamia Homa Bay na Migori kwa kazi na biashara. Tuwatembeleapo, safari hutufikisha hadi bonde la Lambwe, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Ruma, tukawatazame korongo. Gari hurudi limevaa vumbi. Hata likishaoshwa likang'aa, ukipitisha kiganja juu ya boneti huhisi vijipele vidogo: utomvu wa miti, mabaki ya wadudu, chembe za chuma zitokazo kwenye breki. Sabuni haiving'oi. Kinachoving'oa ni udongo maalumu wa kusafishia rangi ya gari.

Udongo huu si wa mfinyanzi. Ni kinyunya cha kutengenezwa kiwandani, kilichobuniwa Japani, nchi ile ile itokayo magari mengi yashushwayo bandarini Mombasa. Hukandwa kama donge la unga, kikabanwa bapa, kisha kikapitishwa juu ya rangi ili kinase uchafu. Lakini uchafu ulionaswa, usipopata utelezi wa kuuchukua, hugeuka msasa. Na ile tabaka angavu iilindayo rangi ni nyembamba kuliko unywele. Ikichubuliwa haioti tena, na kuing'arisha upya ni kuipunguza zaidi. Kwa familia nyingi gari ndiyo mali kubwa baada ya nyumba. Kwa hiyo suala la kwanza si udongo gani tununue, bali tuulainishie nini.

Maji matupu hayatoshi, kwani hutiririka upesi na kuuacha udongo ukikwama. Sabuni ya kuoshea vyombo huteleza, ila imeundwa kukata mafuta, na huweza kuondoka na nta iliyobaki juu ya rangi. Mafuta ya taa na petroli tusiyaguse kabisa: huulainisha udongo kupita kiasi hadi ukaacha mabaki yanayonata, na ni hatari ya moto.

Kinachofaa ni kimojawapo cha viwili. Cha kwanza ni kilainishi cha kunyunyizia kiuzwacho pamoja na udongo. Ni chepesi kutumia, ingawa huisha haraka na bei yake huuma. Cha pili ni shampuu ya gari iliyochanganywa na maji safi katika chupa ya kunyunyizia. Tuchague isiyokuwa na nta ndani yake, maana nta huuziba udongo. Ipo pia shampuu isiyohitaji kusuuzwa. Kwa jamaa zetu wa Lambwe, ambako maji huenda yakachotwa mbali, hiyo ndiyo tunayoipendelea, kwani ndoo moja hutosha na hapana israfu.

Hata hivyo hakuna kilainishi kiwezacho kufidia uoshaji mbaya. Vumbi lote la safari lisuuzwe kwanza. Gari liwe kivulini na bati lake limepoa, kwani juani mchanganyiko hukauka kabla mkono haujafika. Tufanye sehemu ndogo kwa zamu, tuinyunyizie hadi ilowe, tupitishe udongo kwa mkono mwepesi, pasipo kugandamiza. Ukisikia unakwaruza au unakwama, simama, ongeza utelezi. Kila mara ukunje udongo upate uso safi. Ukianguka chini, hata mara moja, utupwe. Mchanga ulioingia humo hautoki.

Mwisho, rangi ipanguswe kwa kitambaa laini na ipakwe nta mpya, maana udongo huiacha uchi. Wala kazi hii haihitajiki kila juma. Mara moja au mbili kwa mwaka yatosha. Kabla ya kuanza, jaribuni kwanza sehemu ndogo ya chini ya mlango, mahali pasipoonekana sana. Kiganja kikiteleza pale bila kukwaruzwa, na rangi ikabaki bila mstari, basi kilainishi mlichokichagua kimefaa, na boneti inaweza kufuata.