Rampu Siyo Hisani

Makamanda, mie nasoma sheria, basi tuongee sheria. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu. 2010 Bunge likatunga sheria. Mwaka 2016 mwendokasi ikaanza, vituo usawa mmoja na sakafu ya basi. Safi. Sasa shuka Kivukoni na kiti mwendo uingie mitaani: njia ya miguu inakatikia mtaroni, mbele gari limepaki.

Watasingizia machinga. Machinga ndiye aliyechora barabara?

London mabasi ya umma yana rampu kwa kuwa sheria inalazimisha, siyo huruma. Hapa wanagawa viti mwendo mbele ya kamera, pa kuvisukumia hakuna!

Diwani akija kuomba kura, muulize: bajeti ya njia za miguu iko wapi?