SIKU ZA MSWADA NI ZETU PIA



Mswada wa kawaida ukichapishwa katika Gazeti la Serikali, kanuni za Bunge la Taifa zataka zipite siku 14 kabla haujaletwa Bungeni. Lakini kanuni hizo hizo zawaruhusu Wabunge kuzipunguza siku hizo kwa azimio lao. Hapo ndipo penye neno letu.

Hatusemi kila Mbunge apewe saa nzima. Hata katika mkutano wa tawi mwenyekiti hugonga meza, na mara nyingi anayegongewa ni yule anayerudia ya jana. Dakika za msemaji zikipunguzwa hakuna aliyedhulumiwa. Siku za mswada ni jambo jingine. Hizo ni siku za mfanyakazi wa njia ya reli aliyeko Kibwezi au Mtito Andei, na za mtu wa Mutomo, huko Kitui ambako reli haifiki, kuupata mswada wenyewe, kutafuta wa kumfasiria Kiingereza chake, kisha kumtafuta Mbunge wake. Siku 14 zenyewe hazitoshi. Zikifanywa 3, basi sisi twaarifiwa tu.

Na sisi wa Ukambani tunayo habari ya kwetu. Baada ya uchaguzi wa 1974 mahakama ilimwona Bwana Paul Ngei wa Kangundo ana kosa la uchaguzi, akazuiwa kugombea. Wakati ule Makueni ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Machakos. Desemba 1975 Katiba ikabadilishwa ili Rais aweze kusamehe kosa la namna hiyo, na mswada ukapita hatua zote kwa siku moja. Wengi kwetu walifurahi, maana Ngei alishtakiwa Kapenguria pamoja na Mzee Kenyatta, naye alikuwa mtu wetu. Lakini mlango uliofunguliwa kwa ajili ya mtu wetu haukufungwa nyuma yake. Juni 1982 kifungu cha 2A, cha kuifanya KANU chama pekee, kilipita kwa muda usiofika saa moja. Kiliondolewa Desemba 1991.

Katiba ya 2010 imeweka siku 90 kati ya kusomwa mara ya kwanza na mara ya pili kwa mswada wa kubadili Katiba. Vema. Lakini mswada unaogusa mshahara wako hauna kinga hiyo. Sheria ya Nyumba ya 2024, inayokata asilimia 1.5 ya mshahara, ilipita kama sheria nyingine yoyote. Na tarehe 25 Juni 2024 Mswada wa Fedha ulipitishwa kwa kura 195 dhidi ya 106. Siku ile ile vijana waliingia Bungeni, watu wakapigwa risasi wakafa, na kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi. Aliyoyasikia kesho yake yalikuwa yakisemwa wiki nyingi.

Kwa hiyo twapendekeza kwa matawi yote: Wabunge 14 wa majimbo ya Kitui na Makueni waandikiwe barua, waulizwe jambo moja tu. Ikiletwa hoja ya kupunguza siku za mswada unaogusa mshahara, malipo ya uzeeni au mgomo, watapiga kura gani? Majibu yabandikwe kwenye ubao wa tawi, na jina la asiyejibu libandikwe vile vile. Tena kila katibu atafute wanachama wawili wanaosoma Kiingereza vizuri, wawaeleze wenzao miswada kwa Kiswahili na Kikamba baada ya zamu.