Wazazi, tuache kuwanunulia watoto majibu

Mhariri,

Msimu wa mtihani wa KCSE unapokaribia, minong'ono huanza hapa Musanda kama kwingineko: nani ana karatasi, na kila mzazi achange pesa ngapi. Kinachoniuma ni kwamba wanaoitisha mchango huo mara nyingine ni wazazi wenzetu, watu tunaowaheshimu kanisani na msikitini.

Tusisahau mwaka 2015, mtihani ulipovuja. Watahiniwa zaidi ya 2,600 walipata gredi ya A. Machi 2016 Waziri wa Elimu, Fred Matiang'i, akaivunja bodi ya Baraza la Mitihani, na walimu wakuu wakatakiwa kuchukua karatasi wenyewe kutoka kwenye makontena yenye ulinzi. Mwaka huo gredi za A zikawa 141. Wapo waliolalamika kwamba usahihishaji ulifanywa kwa haraka, na hoja yao ina uzito. Lakini haraka peke yake haiwezi kueleza pengo kubwa namna hiyo.

Polisi hulinda kontena. Nyumbani nani analinda? Mtoto anayemwona babake akituma pesa kwa simu ili apate majibu ameshaambiwa, bila neno, kwamba hatumwamini.

Naziomba shule zetu ziitishe mikutano ya wazazi kabla ya Novemba, jambo hili lisemwe waziwazi, na anayeitisha mchango huo aripotiwe hata kama ni jirani. Binti yangu akileta C aliyoitolea jasho, nitamchinjia kuku.

Mzazi,
Musanda, Kakamega