Kanisa Likikua, Ujirani Usife

Wakazi wengi wa visiwa vyetu wanaijua Kyela kwa mchele wake wenye harufu nzuri. Ni wachache waijuao kwa jambo jingine, nalo ni hili: kwa muda wa zaidi ya miaka 130 watu wa ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa wamekuwa wakipokea dini ngeni na kutafuta namna ya kuishi nazo bila ya kutengana. Leo tunapenda kulizungumza jambo hilo, kwa sababu funzo lake linatuhusu sote, wa Bara na wa Visiwani, Wakristo na Waislamu, na hasa wale waliokabidhiwa dhamana ya kuongoza wananchi.

Hatuna budi kukiri kwamba uhusiano wa visiwa hivi na ziwa lile haukuanza kwa heri. Biashara ya pembe na watumwa iliyoitajirisha pwani ilifika hadi Karonga, ambako mfanyabiashara Mlozi aliwashambulia Wangonde mwaka 1887, na wengi wao wakakimbilia kwa ndugu zao Wanyakyusa. Nguvu yake haikuvunjwa hadi mwaka 1895. Lakini kutoka Unguja ilitoka pia Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyofika hapa mwaka 1864, ikaanza kujenga kanisa lake Mkunazini soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873, na mwaka 1885 ikaweka kituo katika kisiwa cha Likoma, ndani ya Ziwa Nyasa.

Kwa Wanyakyusa wenyewe Ukristo ulikuja hasa na Wajerumani. Mwaka 1891 Theodor Meyer na wenzake wa Kanisa la Moravian walianza kazi Rungwe, na Alexander Merensky na wenzake wa Misheni ya Berlin wakashika upande wa mashariki. Haukupita muda vituo vikafika bondeni na ziwani: Ipyana, Ikombe na Matema. Wageni hao hawakukuta nchi tupu. Walikuta watu wenye machifu wao, wenye vijiji vya marika ambamo vijana walijenga pamoja na wenzao, na wenye neno moja lililobeba maisha yao yote, yaani ukwangala. Maana yake ni kukaa na wenzako kwa ukunjufu, kula nao, kunywa nao na kuzungumza nao. Mtu aliyekula peke yake alishukiwa kuwa mchawi.

Tunaomba msomaji azingatie jambo lililofuata. Wamisionari walipotaka jina la Mungu katika Kinyakyusa, hawakuleta jina kutoka Ulaya. Walilichukua jina la Kyala, ambalo wazee walikuwa wakilitaja walipotoa sadaka kwenye pango la Palikyala, ufukoni chini ya milima ya Livingstone. Kwetu mambo yalikuwa vivyo hivyo. Waliofasiri Biblia kwa Kiswahili hapa Unguja walilitumia neno Mungu, ambalo Waislamu wa pwani walikuwa nalo vinywani mwao siku nyingi. Basi kila Mkristo wa Kyela, na kila Mkristo wa Unguja, anapomwita Mola wake hutumia neno alilopewa na jirani asiyekuwa wa dini yake. Deni hilo si dogo.

Kwa bahati mbaya deni hilo lilisahauliwa mara nyingi. Waumini walikusanywa katika vijiji vyao karibu na misheni, mbali na ndugu zao. Mume wa wake wengi alinyimwa ubatizo. Ngoma na pombe za matanga zilikatazwa, na aliyebatizwa akajikuta yuko pembeni siku ambayo ukoo wote ulikutana kumlilia marehemu. Ndiyo maana makanisa yaliyoasisiwa na Waafrika wenyewe katika miaka ya 1920 upande wa Karonga, kama lile la Jordan Msumba la mwaka 1925, yalivuka mto Songwe na kupata wafuasi. Yalimwachia mtu mke wake wa pili, wala hayakumtenga na jamaa zake.

Na hata ndani ya makanisa ya zamani, waliolishika kanisa wakati wa shida walikuwa wenyeji. Wajerumani waliondolewa katika Vita Kuu ya Kwanza, wakarudi katika miaka ya 1920, wakaondolewa tena vita vya pili vilipoanza. Ndugu wa misheni ya Kiskoti kutoka Livingstonia walisaidia kwa muda. Lakini walioendelea kukusanya watu kwa sala na kufundisha watoto walikuwa walimu na wazee wa vijijini, watu waliolima, kuvua na kuzikana na majirani zao wasioamini. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo sababu mojawapo kubwa ya kanisa kuota mizizi huko.

Leo wilaya ya Kyela ina Wamoravian, Walutheri, Wakatoliki, Wapentekoste wa makundi mengi, Waislamu, na wazee wanaoshika mila. Mvua za masika zinapoijaza mito na maji kuingia majumbani, hakuna anayeuliza dhehebu la mwenye mtumbwi. Tunalosikitika ni kwamba katika sehemu nyingi za nchi yetu husikika malalamiko wakati wa msiba. Marehemu hakulipa michango, au alihamia kanisa jingine, au alioa nje ya ndoa ya kanisa. Basi waumini huambiwa wasihudhurie, na mjane hubaki akihesabu watu waliokuja.

Watakuwapo watakaosema kwamba kila dhehebu lina kanuni zake. Ni kweli, nasi hatuzipingi. Kiongozi wa dini ana haki ya kukataa kuongoza ibada asiyoiamini. Lakini hana haki ya kumkataza muumini wake kuchimba kaburi, kubeba jeneza, kuchota maji au kukaa kwenye jamvi pamoja na waliofiwa. Ibada ni ya dhehebu. Maziko ni ya mtaa mzima. Ndugu zetu Waislamu wa Visiwani wanalielewa vyema hili, kwani kwao kumzika Mwislamu mwenzao ni faradhi ya kifaya: wakiitimiza baadhi, wengine wamesalimika, wasipoitimiza, lawama ni ya wote.

Kwa viongozi wa Serikali tuna neno pia. Ibara ya 19 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inalinda uhuru wa kuabudu, na inaziweka shughuli za jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi. Hatuombi hata kidogo uhuru huo uguswe. Tunaloomba ni kwamba viwanja vinapopimwa, maeneo ya makaburi ya wote yatengwe mapema, maana desturi ya kuzikana nyumbani itazidi kuwa ngumu kadiri ardhi inavyopungua. Aidha, viongozi wa vijiji na mitaa wahakikishe kwamba hapana maiti inayokosa wa kuizika kwa sababu ya ugomvi wa madhehebu.

Kukua kwa kanisa kumezoeleka kupimwa kwa idadi ya mabati, kwaya na vipaza sauti. Watu wa Kyela walikuwa na kipimo cha zamani zaidi, nacho ni ukwangala. Tunawasihi wahubiri wa leo, wa dhehebu lolote, wakipokee kipimo hicho kama watangulizi wao walivyolipokea jina la Kyala. Dini itakayokaa na jirani siku ya msiba wake, hiyo ndiyo atakayoiheshimu siku za furaha, awe ameipokea au hakuipokea.