Teknolojia ya vishale bado yategemea mkonge

Mchezo wa vishale, ambao kwa miaka mingi ulionekana kuwa burudani ya baa tu, sasa ni biashara kubwa. Januari 2025 kijana wa Uingereza, Luke Littler, akiwa na umri wa miaka 17, alitwaa ubingwa wa dunia jijini London na kuondoka na paundi 500,000. Wengi walizungumzia umri wake. Wachache walijiuliza ubao aliokuwa akiulenga umetengenezwa kwa kitu gani.

Ubao huo ni mkonge. Zamani ulikatwa kwenye gogo la mti, ikabidi ulowekwe majini ili matundu yazibe. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Nodor ya Uingereza ilileta ubao wa nyuzi za mkonge. Nyuzi hukatwa vipande vifupi, hufungwa mafungu, hushindiliwa kwa nguvu na kuzungushiwa pete ya chuma, ncha zikimwelekea mchezaji. Kishale hupenya katikati ya nyuzi bila kuzikata, na kikichomolewa tundu hujifunga.

Jambo hili linawahusu wakulima kwa sababu mkonge unakumbukwa kama zao lililoshindwa na plastiki. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 230,000. Kamba za plastiki zilipoingia sokoni bei ilianguka, na matatizo ya mashamba baada ya kutaifishwa mwaka 1967 yakaongeza uzito. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi kama tani 20,000.

Kwenye vishale nako plastiki ilijaribu. Kuanzia miaka ya 1970 na 1980 Marekani ilianza kutumia ubao wa umeme wenye matundu madogo, unaopigwa kwa vishale vya ncha ya plastiki na kujihesabia pointi wenyewe. Ubao huo umeenea Marekani na Japani, na hauna haja ya mkonge hata kidogo.

Hata hivyo, teknolojia iliyofuata imekwenda njia nyingine. Siku hizi kuna mitambo ya kamera inayofungwa kuzunguka ubao wa kawaida, ikaona kishale kilipotua na kupeleka pointi kwenye kompyuta au simu. Nyaya za kugawa ubao nazo zimefanywa nyembamba na pini zake kuondolewa, ili vishale visidunde. Vyote hivyo vimeboreshwa, lakini nyuzi zimebaki zilezile.

Tofauti ya teknolojia hizo mbili ndiyo ya kuangaliwa. Ubao wa umeme ulichukua nafasi ya nyuzi. Kamera imechukua kazi ya kuhesabu tu. Mahali ambapo mkonge ulitakiwa kufunga mzigo, plastiki ya bei nafuu ilitosha. Mahali ambapo nyuzi zinatakiwa kuachana na kurudiana maelfu ya mara, mkonge umeshikilia soko lake. Aidha, ubao huchakaa, hivyo mnunuzi hurudi tena.

Hii haina maana kwamba mkulima akimbilie kupanda mkonge kwa ajili ya vishale. Soko hilo ni dogo likilinganishwa na kamba, mazulia na matumizi ya ujenzi. Katika kila kilo 100 za majani, nyuzi hupatikana kama kilo nne tu, na bei hufuata daraja: urefu, rangi na usafi. Majani yanayochelewa kufika kwenye korona hushusha daraja, na hasara humwangukia mkulima hata kama shamba lake ni zuri.

Suala jingine ni nani anavuna faida. Nodor ina kiwanda cha kutengeneza ubao huo nchini Kenya, hivyo sehemu ya thamani hubaki Afrika Mashariki. Kwa upande wa Tanzania, sehemu kubwa ya mkonge bado huuzwa nje ikiwa nyuzi ghafi.

Anayepanda leo atasubiri miaka mitatu hivi kabla ya kukata jani la kwanza. Muda huo unatosha kwa vyama vya wakulima kujua ni mnunuzi gani anataka nyuzi za daraja gani, na kuhakikisha korona iko karibu na mashamba. Bila hayo, watauza kwa bei ya kamba, soko lilelile ambalo plastiki imekwishalishika.